Anwani inasema Cambridge, kodi nadaiwa na South Cambridgeshire. Huku mipaka ikoje wakuu?

mama_shani
Habarini wakuu, hasa mlioko Uingereza. Tumehamia Histon, kaskazini kidogo ya Cambridge, mume wangu kapata kazi hospitali na mimi nasoma masters fultaimu. Anwani yetu kila mahali, benki, mkataba wa nyumba, chuo, imeandikwa Cambridge. Ila bili ya kodi ya kansoli (halmashauri ya huku) imekuja kwa jina la South Cambridgeshire District Council, makao makuu Cambourne, mji ambao hata kuusikia sijawahi. Nikasema sawa, kumbe sisi watu wa wilaya sio wa jiji. Kuuliza majirani ndo nikachanganyikiwa kabisa. Shule ya mtoto naambiwa kaunti, yaani ngazi iliyo juu ya wilaya. Mapipa ya taka wilaya. Kuna shimo barabarani mbele ya geti, huyu anasema kaunti yule anasema wilaya. Mabasi eti ya meya, na meya mwenyewe sio wa jiji la Cambridge, ni wa Cambridgeshire na Peterborough. Halafu kuna baraza la kijiji nalo limo kwenye bili, lina mstari wake na pauni zake!

Mimi wa Moshi, kwetu wilaya ina DC (mkuu wa wilaya), ina mkurugenzi, ukiwa na shida unajua pa kuanzia. Huku naanzia wapi? Na hiyo wilaya inaanzia wapi inaishia wapi?

kibo_kaskazini
Karibu baridini dada. Kwanza toa akilini kwamba anwani inakuambia uko wilaya gani. Hilo neno Cambridge liko pale kwa ajili ya posta kusambaza barua, basi. Postikodi za CB zinaenda mbali mno, Newmarket iko kaunti ya Suffolk na ni CB, Saffron Walden iko Essex na ni CB, na wote hao hawana uhusiano wowote na kansoli yako.

Wilaya yenu imelizunguka jiji pande zote, yaani jiji ni kiini cha yai na nyie ndo ule weupe. Jiji lina kama kilomita za mraba 41 tu, wilaya ina kama 900. Kwa watu sasa, sensa ya 2021 jiji lilikuwa na 145,700 hivi na wilaya 162,100 hivi, kwa hiyo nyie wa pembeni ndo wengi, jambo ambalo watu wa mjini huwa hawapendi kulisikia. Tofauti ni kwamba nyie mmetawanyika kwenye vijiji kama 100 hivi, Sawston, Cottenham, Linton, Melbourn, Great Shelford, na hiyo Histon yenu iliyoungana na Impington mpaka mgeni hajui wapi kimoja kinaisha.

Mpaka usiutafute kwa macho. Watu wanadhani ile barabara kubwa ya A14 ndo mpaka, sio. Orchard Park iko upande wa mjini wa A14, imegandana kabisa na nyumba za jiji, na bado ni South Cambridgeshire. Trumpington Meadows kule kusini ndo kichekesho zaidi, mtaa mmoja mpya, mpaka umepita ndani yake, kuna wakazi wa jiji na wakazi wa wilaya wanaosalimiana asubuhi wakitoa magari. Kwa hiyo njia ya uhakika ni kuingiza postikodi kwenye tovuti ya serikali ya kutafuta kansoli yako, inakutajia zote zinazokuhusu.

Wilaya hii imeanza tarehe 1 Aprili 1974, walipopanga upya serikali za mitaa England karibu nzima. Waliunganisha wilaya mbili za vijijini zilizokuwepo, Chesterton na ile ya zamani iliyokuwa inaitwa South Cambridgeshire. Kwa miaka mingi ofisi zao zilikuwa mjini Cambridge, yaani nje ya eneo lao wenyewe, hadi 2004 walipohamia Cambourne. Na Cambourne ni mji mpya, ujenzi ulianza 1998 kwenye mashamba, leo una watu zaidi ya 10,000.

Ukiuliza kwa nini miji mipya inajengwa kule mbali badala ya kubandikwa hapo hapo Cambridge penye kazi, jibu ni ule ukanda wa kijani. Tangu 1950 mpangaji mmoja anaitwa William Holford alishauri jiji lisiachiwe livimbe, na ardhi inayolizunguka ikalindwa isijengwe, vijiji visimezwe. Histon yenu mpaka leo ina mashamba kati yake na vijiji jirani kwa sababu hiyo. Matokeo yake nyumba zinaruka ukanda, zinaangukia Cambourne, Northstowe, Waterbeach, na watu wanashinda kwenye foleni kurudi mjini kazini. Mimi naona faida na hasara zake, ila ukiwa umekaa nyuma ya lori saa moja na nusu asubuhi faida huzioni.

mlimani_hadi_fens
Nimuongezee mkuu hapo juu kwenye maumbile ya nchi maana dada ni wa Moshi. Kaskazini ya wilaya ndo mwanzo wa Fens, zilikuwa ni kinamasi tupu hadi karne ya 17 wakaja na mhandisi Mholanzi Cornelius Vermuyden kuchimba mifereji, leo ni mashamba ya udongo mweusi tii, tambarare mpaka unaona mvua ikija ukiwa na muda wa kuanua nguo. Kusini ardhi inapanda, ni vilima vya chaki. Sehemu ya juu kuliko zote kwenye kaunti iko kwenye wilaya yenu, Great Chishill, mita 146 😂. Mtu aliyekua anaiangalia Kibo kila asubuhi asicheke, wenzetu wanaiheshimu.

Ila hiyo chaki ndo kila kitu huku. Maji ya bombani mnayokunywa yanatoka chini kwenye mwamba wa chaki, na vijito vidogo vinavyoingia mto Cam vinategemea chaki hiyo hiyo. Watu wanaona Uingereza mvua kila siku wanadhani maji yapo, kumbe upande huu ni mkavu, Cambridge haifiki milimita 600 kwa mwaka, Dar inapata zaidi ya 1,000. Mwaka 2023 taasisi ya serikali ya mazingira ilipinga vibali vya nyumba maelfu eneo hili kwa sababu maji hayatoshi. Nyumba zimepangwa, ardhi ipo, pesa ipo, maji hakuna. Sasa wanazungumzia kuchimba bwawa kubwa kule Fens karibu na Chatteris.

mlipakodi_mtiifu
Nije kwenye bili maana ndo iliyomleta.

Bi mkubwa, wilaya ndo inakusanya kodi lakini haiili yote. Ishike hiyo bili uangalie ile jedwali, utaona mistari: kaunti, wilaya, polisi, zimamoto, meya, baraza la kijiji. Kaunti ndo inabeba fungu kubwa. Wilaya iliyokuandikia jina lake juu inabaki na chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mtu akiipigia kelele South Cambridgeshire kwamba nawalipa pesa zote hizi, ujue nyingi zilishaenda kwingine.

Kugawana kazi ni hivi. Wilaya: mapipa, vibali vya ujenzi (hii wanaifanya pamoja na jiji, ofisi moja ya mipango miji), nyumba za kansoli, usafi wa migahawa, kodi yenyewe na daftari la wapiga kura. Kaunti: shule, maktaba, huduma za wazee na watoto, na barabara za kawaida. Shimo lako la getini ni la kaunti, unaripoti kwenye tovuti yao unabandika alama kwenye ramani, weka na picha. Ila barabara kubwa kama A14 na M11 sio za kaunti, ni za shirika la taifa la barabara kuu. Ofisi za kaunti zenyewe zilihama kutoka Cambridge 2021 zikaenda Alconbury, wilaya nyingine kabisa, usije ukazitafuta mjini.

Baraza la kijiji ni dogo lakini ndo liko karibu na wewe: viwanja vya kuchezea watoto, vibanda vya vituo vya basi, bustani za kukodi za kulima mboga, ukumbi wa kijiji. Jirani akitaka kuongeza ghorofa linaulizwa maoni, ila kuamua ni wilaya. Mjini Cambridge hawana kitu kama hicho, nyie wa vijijini tu.

DC hakuna. Hakuna mtu aliyeteuliwa na waziri mkuu akaletwa kukaa juu ya wilaya. Kuna madiwani 45, wanachaguliwa wote kwa mpigo kila miaka minne, hao wanachagua kiongozi wao na wanaajiri mtendaji mkuu kama kampuni inavyoajiri. Chama cha Liberal Democrats kiliichukua 2018 kutoka kwa Conservative. Una shida, diwani wa kata yako ana barua pepe kwenye tovuti na huwa wanajibu kweli, jina lake hilo hilo utalikuta kwenye kipeperushi kimechomekwa mlangoni.

Sasa muhimu kwako. Umesema unasoma fultaimu. Je mmeomba punguzo? Mwanafunzi wa fultaimu hahesabiki kwenye kodi hii. Kama mko watu wazima wawili tu ndani na wewe ni mwanafunzi, basi nyumba inahesabiwa ina mtu mmoja, mnakatiwa asilimia 25. Chuo kinakupa cheti cha kuthibitisha, unaiwekea wilaya kwenye fomu yao mtandaoni. Na usiogope viza, punguzo hili haliingii kwenye ile misaada ya serikali ambayo mmekatazwa.

mama_shani
Weee mlipakodi ubarikiwe, asilimia 25 hiyo hakuna aliyeniambia! Chuo nitawaandikia kesho. Na hiyo bili inasema Band C, ndo nini tena? Na shule mwisho lini, mtoto anatimiza miaka minne mwezi wa pili.

mlipakodi_mtiifu
Band ni kundi la thamani ya nyumba, A mpaka H, na usishangae, wanatumia bei ya Aprili 1991. Hata nyumba iliyojengwa mwaka jana wanakadiria ingeuzwa bei gani 1991. Kichaa lakini ndo sheria. Malipo kawaida ni mafungu kumi kuanzia Aprili hadi Januari, Februari na Machi unapumua.

Shule ya msingi kaunti wanapokea maombi mpaka tarehe 15 Januari ya mwaka huo anaoanza, Septemba anaingia. Usisubiri, ukichelewa unapangwa baada ya wote waliowahi, unaweza kupelekwa kijiji cha tatu. Sekondari mwisho huwa 31 Oktoba.

Kwa sekondari vijiji vya huko vina kitu chao wanaita Village College, cha kwanza ni Sawston 1930, wazo la Henry Morris aliyekuwa ofisa elimu wa kaunti, kwamba shule mchana iwe ya watoto na jioni iwe ya wazazi, masomo, ukumbi, maktaba, pamoja. Hiyo ya hapo kwenu Impington jengo lake walilichora wasanifu majengo Walter Gropius na Maxwell Fry, watu wanatoka mbali kuja kulipiga picha na watoto wa hapo wanapita tu na mabegi.

kisumu_mwenye_jaketi
Na nyinyi mnasahau ile kubwa. Mama Shani, hiyo wilaya itakuletea barua ya daftari la wapiga kura, usitupe! Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anapiga kura, zote, za mtaa na za bunge. Si lazima uwe na pasi ya Uingereza. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda kwa sababu waliingia Jumuiya ya Madola 2009. Viza ya mwanafunzi haikuzuii. Sisi Wakenya wengi tunakaa hapa miaka tukidhani siasa ni ya wenyewe, alafu tunalia barabara mbovu.

Kujiandikisha ni dakika chache kwa mtandao. Siku ya kura ubebe kitambulisho chenye picha, wameanza kudai tangu Mei 2023, na pasi ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, kwa hivyo ile yako ya Tanzania inatosha. Na hata kama siasa huitaki, kuwa kwenye daftari kunasaidia ukiomba mkopo ama simu ya kulipa kidogo kidogo, kampuni zinaangalia kama uko kwenye hiyo anwani.

bujumbura_wa_reli
Jamani na sisi Warundi?

kisumu_mwenye_jaketi
Pole ndugu yangu, Burundi haimo, na Kongo pia haimo. Mpaka upate uraia wa hapa. Na wale wa Oman wanaoongea Kiswahili kutushinda, nao hapana.

pwani_tupu
Mimi niulize swali la uchokozi. Si hawa South Cambridgeshire ndo wale wanaofanya kazi siku nne na kulipwa tano? Halafu mnatwambia tupeleke barua 😅

kibo_kaskazini
Ndo wao. Walianza majaribio Januari 2023, kansoli ya kwanza Uingereza kujaribu, mshahara uleule, kazi zote zifanyike ndani ya saa pungufu. Serikali ya Conservative ikawaandikia waache, hawakuacha, na Julai 2025 madiwani wakapitisha iwe ya kudumu. Hoja yao ni kwamba mishahara ya kansoli inashindana na makampuni ya Cambridge ya sayansi na kompyuta, na hawawezi kuyafikia kwa pesa, nafasi zinakaa wazi, wanajaza na vibarua wa wakala ambao ni ghali kuliko mwajiriwa. Kwa hiyo wakatoa siku badala ya pauni.

Ofisi haifungwi siku ya tano, wanapishana. Ila kwenye taka iligusa watu moja kwa moja, ratiba ilipangwa upya mapipa yakawa yanachukuliwa Jumanne hadi Ijumaa. Jumatatu usitoe pipa, litakaa nje mpaka majirani waanze kukuangalia.

pwani_tupu
Bado naona ni uvivu uliovaa tai. Nesi anaweza kufanya siku nne?

mlipakodi_mtiifu
Nesi wengi wanafanya zamu tatu au nne ndefu kwa wiki mkuu, muulize mume wa Mama Shani. Mimi niliipinga mwanzoni ila ninachojali ni bili na pipa, na pipa linachukuliwa.

mama_shani
😂😂 mwacheni mume wangu. Haya mapipa yenyewe sasa, nina jeusi, bluu na kijani, naogopa kukosea.

mlimani_hadi_fens
Bluu ni vya kurejelezwa, karatasi, makopo, chupa, plastiki, visuuzwe kidogo kwa maji na usivifunge kwenye mfuko. Kijani ni majani na mabaki ya chakula, maganda ya ndizi yote humo. Jeusi ni yaliyobaki. Wilaya na jiji wanazoa taka kwa pamoja kwa hiyo rangi ni moja huku na kule. Kalenda iko mtandaoni ukiweka postikodi, ichape ubandike kwenye friji.

Halafu kuhusu basi hukujibiwa. Histon una bahati, unapitiwa na lile basi la njia yake ya zege lililofunguliwa Agosti 2011 juu ya reli ya zamani, kutoka Cambridge mpaka St Ives. Kaa mbele siku moja uangalie, dereva anaachia usukani, basi linajiongoza lenyewe kwa vigurudumu vidogo vya pembeni vinavyobana kingo za zege, linakata mashambani bila foleni. Njia ni ya kaunti, mabasi yenyewe ni ya makampuni, na mipango ya usafiri wa mabasi kwa jumla ndo mambo ya yule meya. Cheo chake kimeanza 2017, sasa hivi ni Paul Bristow, alichaguliwa Mei 2025.

Basi hilo hilo linapita Northstowe, mji mpya unaojengwa kwenye uwanja wa ndege za kijeshi wa zamani pale Oakington, umepangiwa nyumba 10,000. Wakazi wa kwanza walihamia 2017 na miaka ikapita hakuna duka wala daktari, watu wana jiko la kisasa na mkate wanaufuata kijiji cha pili. Mtu akikutangazia nyumba ya kupanga kule uliza kwanza nini kimeshafunguliwa, sio nini kiko kwenye mchoro.

kisumu_mwenye_jaketi
Na mjiandae, haya yote yanabadilika tena. Tangu Desemba 2024 serikali imesema mfumo huu wa ngazi mbili, kaunti juu wilaya chini, unaondolewa England. Mpango ni kansoli mpya zinazofanya kila kitu zianze Aprili 2028, na South Cambridgeshire kama jina itakufa. Wilaya na jiji walitaka waunganishwe wao wawili, yai lirudi kuwa moja. Mimi ningefurahi, saa hizi ukiuliza kitu kidogo unazungushwa ofisi tatu. Lakini nyinyi wa vijijini mtajikuta mnapanga foleni na watu wa jiji kwa kila pesa.

mama_shani
Mbona mnanifundisha vitu vinavyokaribia kufutwa jamani 😂. Haya, la mwisho, huyo diwani, mimi naweza kugombea siku moja au ndo kura tu?

mlipakodi_mtiifu
Kura ndo sasa hivi. Kugombea unahitaji uwe umepata ukaazi wa kudumu, viza ya muda haitoshi, halafu uwe umeandikishwa kwenye eneo hilo au umeishi au kufanya kazi hapo miezi 12. Ukifika huko anzia baraza la kijiji. Vijiji vingi havipati wagombea wa kutosha, kura haipigwi kabisa, na nafasi zinazobaki wanatafuta mtu mwenye nia wanamkaribisha. Vikao viko wazi kwa wananchi, kuna dakika chache mwanzoni za wananchi kusema, tarehe wanabandika kwenye ubao wa kijiji. Wa kwenu huo utaukuta, angalia tu tarehe.